Kazi ya leta nyumbani: nani anafanya, nani anangoja?



Katika mkutano wetu wa Alhamisi iliyopita, tulipokwisha kuhesabu akiba na kufunga sanduku, kulizuka neno lililotuchelewesha kurudi nyumbani. Mama mmoja wa kikundi chetu anafanya kazi katika biro moja ya leta. Alituambia kwamba mkubwa wake anafikiri kuwaruhusu wafanyakazi wabaki nyumbani siku mbili kila juma, wafanye kazi kwa simu na kompyuta. Alikuwa na furaha. Ana mtoto anayenyonya, na kila siku anapanda taksi-basi mbili kwenda na mbili kurudi.

Mama mwingine, anayeuza mboga sokoni, hakufurahi hata kidogo. Alisema: "Wakiwa ndani ya biro tunangoja tangu asubuhi mpaka saa sita. Wakibaki kwao, sisi tutangojea wapi?"

Wengi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona wote wawili wamesema kweli. Mama msimamizi akanigeukia: "Wewe Madamu ulifanya kazi ya namna hiyo wakati wa korona. Tuandikie." Basi naandika, kwanza yale niliyoyaona mwenyewe, kisha yale ambayo wengine waliyapima.

Nilivyofundisha nikiwa jikoni

Mnakumbuka mwezi wa tatu wa mwaka 2020. Tarehe 10 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa. Tarehe 18 usiku Rais Félix Tshisekedi alisema shule zote zifungwe kuanzia kesho yake. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura katika nchi nzima. Katika ofisi nyingi za leta wafanyakazi walipunguzwa: wengine wakaja kwa zamu, wengine wakaambiwa wafanye kazi wakiwa kwao.

Mimi nilikuwa na darasa la tano la msingi, watoto 54. Direkta wetu aliomba kila mwalimu atume masomo kwa WhatsApp. Nilichukua orodha ya darasa na kuanza kutafuta namba za wazazi. Nilipata 19 wenye simu inayopokea WhatsApp. Kati ya hizo 19, simu tano zilikuwa za baba, zinaondoka naye asubuhi na kurudi naye usiku. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walibaki nje ya mlango wa darasa langu jipya.

Darasa hilo lilikuwa jikoni kwangu, maana ndipo ulipokuwapo mwanga. Umeme ulikuwa unakatwa mchana na kurudi usiku wa manane, kama tunavyoujua. Niliamka saa tisa za usiku, nikachaji simu, nikaandika somo kwenye kipande cha ubao, nikalipiga picha. Kulipokucha nilijaribu kuandika maelezo kwa sauti. Jogoo wa jirani aliwika. Mtoto wangu wa miezi minane alilia. Mama mkwe aliuliza chumvi iko wapi. Nikaanza upya. Somo la sehemu, moja juu ya mbili, moja juu ya nne, ambalo darasani linanichukua dakika 45, lilinichukua siku nzima. Jioni wazazi walianza kuandika: "Madamu, picha haifunguki." "Madamu, mega imeisha, tutaangalia kesho." Nilijibu mpaka saa nne za usiku. Mega nilizinunua kwa feza yangu.

Mwisho wa mwezi nilijikuta nimefanya kazi saa nyingi kuliko nilizozifanya darasani, na watoto wamepata kidogo kuliko walichokipata darasani. Tena watu wa nyumbani waliona kama nimepumzika. Mama mkwe, ambaye ananipenda sana, aliniambia bila ubaya: "Kwa kuwa siku hizi unashinda nyumbani, utatusaidia kutwanga."

Lakini kulikuwa na bibi mmoja, muuza makala, aliyekuwa anamlea mjukuu wake. Hakuwa na simu ya namna yoyote. Kila Jumatano alikuja mlangoni na daftari la mtoto, amelifunga ndani ya plastiki. Nilimwandikia mazoezi manne kwa mkono, na nikasahihisha yale manne ya juma lililopita. Dakika 20, basi. Bibi aliniuliza swali moja tu kila mara: "Amekosa wapi?"

Watoto wa darasa la mwisho walirudi shuleni tarehe 10 Agosti. Wangu walirudi tarehe 12 Oktoba, wakiwa tayari darasa la sita, karibu miezi saba tangu tuachane. Mwalimu wao mpya aliniruhusu kuwapa jaribio dogo la sehemu. Mjukuu wa muuza makala aliwashinda wengi wa wale ambao wazazi wao walipokea sauti zangu zote na picha zangu zote.

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Zile sauti zilikwenda na hazikurudi. Sikujua nani alizisikia, nani alielewa. Daftari la bibi lilikwenda na kurudi, na kila liliporudi mtu aliuliza kosa liko wapi. Hilo ndilo neno ninalotaka mlishike katika barua hii yote: umbali peke yake hauharibu kazi, na ukaribu peke yake haufanyi kazi kuwa nzuri. Kazi inaharibika pale isipokuwa na mtu wa kuuliza imefika wapi.

Kazi zipi zinaweza kutoka ndani ya biro

Tusichanganye mambo. Mkunga hawezi kuzalisha kwa simu. Mwenye kuchanja watoto, askari wa barabarani, mfagiaji wa soko, mwalimu wa watoto wadogo: kazi yao iko pale walipo watu. Mwaka 2020 wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jonathan Dingel na Brent Neiman, walichambua kazi za Marekani moja moja. Waliona kwamba karibu 37 kwa mia tu ndizo zinazoweza kufanywa zote nyumbani, na kwamba katika nchi maskini hesabu hiyo inashuka. Kama ni hivyo Marekani, ambako umeme na intaneti viko karibu kila nyumba, kwetu ni wachache zaidi.

Hata hivyo wapo. Kuna anayeandika ripoti, anayehesabu orodha ya mishahara, anayetayarisha barua, anayeingiza majina katika kompyuta, anayesahihisha mitihani. Hawa wanaweza kufanya sehemu ya kazi yao mbali na biro. Swali ni kama wanaifanya vizuri zaidi au vibaya zaidi.

Wengine walipima nini

Jambo hili limepimwa katika nchi mbalimbali, na majibu hayafanani. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana na kila mmoja akawa na mfano wake.

Mfano wa kwanza unatoka China. Kampuni moja ya safari iitwayo Ctrip, ya Shanghai, iliwapeleka nyumbani sehemu ya wafanyakazi wake wa kupokea simu kwa muda wa miezi tisa, na wengine wakabaki ofisini. Mtaalamu Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilinganisha. Wale wa nyumbani walifanya kazi 13 kwa mia zaidi. Walipumzika mara chache, waliugua siku chache, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Hiyo ndiyo habari ambayo watu wanapenda kuieleza. Ile wanayoisahau ni masharti: ili kuruhusiwa, mfanyakazi alipaswa kuwa na intaneti nzuri, awe amekaa katika kampuni angalau miezi sita, na awe na chumba chake peke yake cha kufanyia kazi. Wamama, chumba chake peke yake! Na hata hao, mwisho wa jaribio karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini. Upweke uliwashinda.

Mfano wa pili ni wa kazi ya serikali yenyewe. Marekani kuna ofisi ya leta inayochunguza maombi ya watu waliovumbua vitu vipya na wanaotaka haki ya uvumbuzi wao. Wachunguzi wengi walikuwa wanafanya kazi nyumbani tayari, lakini karibu na makao makuu. Tangu mwaka 2012 waliruhusiwa kuishi mji wowote wa nchi. Wataalamu waliopima walikuta kazi yao imeongezeka kwa 4.4 kwa mia. Angalieni ni kazi ya namna gani: kila mmoja ana mafaili yake, anafanya peke yake, na anahesabiwa amemaliza mangapi. Tena hawakuanzia nyumbani. Wakati ule mchunguzi mpya alijifunza kwanza ofisini, karibu na wakubwa.

Mfano wa tatu unatoka India, katika mji wa Chennai, nchi ambayo maisha yake yanafanana kidogo na yetu. Watu walioajiriwa kuingiza habari katika kompyuta waligawanywa kwa bahati: hawa nyumbani, hawa ofisini. Wale wa nyumbani walifanya 18 kwa mia pungufu. Na kuna jambo lililonigusa moyo: waliopenda zaidi kufanya kazi nyumbani ndio waliopoteza zaidi wakiwa nyumbani. Hali hiyo ilionekana hasa kwa wenye watoto, wenye kutunza wengine, na wale wa jamaa maskini. Hawakuwa wavivu. Walitaka nyumbani kwa sababu nyumbani palikuwa panawahitaji, na palipowapata, pakawachukua.

Mfano wa nne ni wa polisi wa Manchester, Uingereza. Kule mtu mmoja anapokea simu ya mwenye shida, na mwingine anatuma askari. Watafiti waliona kwamba wawili hao walipokaa chumba kimoja, kazi ilikwenda upesi zaidi kuliko walipokuwa katika vyumba tofauti. Mmoja anageuka, anamuuliza mwenzake neno moja, kazi imekwisha.

Ukiiweka mifano hii minne pamoja utaona njia moja. Kazi ya mtu peke yake, yenye kuhesabika, ya mtu aliyeizoea na mwenye mahali pa utulivu, inaweza kwenda vizuri nyumbani. Kazi ya kuulizana kila saa, kazi ya mtu ambaye bado anajifunza, kazi ya mtu ambaye nyumba yake imejaa, inashuka.

Kwetu, kitabu kikubwa kilibaki mezani

Turudi huku kwetu. Jirani yangu alizaa mtoto mwezi wa tano wa mwaka 2020. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema kuzaliwa kwa mtoto kuandikwe katika siku 90. Zikipita, unatumwa kwenye tribinali, na hapo kuna njia ndefu na feza za kutafuta. Jirani alilijua hilo, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alimhangaisha hivyo.

Alikwenda mara ya kwanza katika ofisi inayohusika, sitaitaja. Akaambiwa mwenye kuandika yuko zamu ya nyumbani. Akaenda mara ya pili. Akapewa namba ya simu. Akapiga, na yule baba alimjibu vizuri kabisa, kwa adabu: "Mama, niko kazini, lakini kitabu kiko ku biro." Mara ya tatu ofisi ilikuwa imefungwa. Mara ya nne, siku ya 85, alimkuta. Mtoto akaandikwa. Zilibaki siku tano.

Yule baba hakudanganya aliposema yuko kazini. Alikuwa na simu, alikuwa na nia, na hakuweza kufanya lolote, kwa kuwa kazi yake iko ndani ya kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kitabu hakikuhamia kwake. Ofisi zetu nyingi ziko hivi. Muhuri uko ndani ya meza, faili liko ndani ya kabati, na mwenye kutia sahihi ni mmoja. Kumpeleka mtu nyumbani bila kuipeleka kazi yake ni kumpa likizo ambayo mwananchi anailipia kwa miguu yake.

Ongezeni umeme unaokatika na bei ya mega. Katika mifano ya mbali niliyoitaja, mtu akiwasha kompyuta anajua itawaka. Kwetu, mfanyakazi wa leta mwenye mshahara mdogo akiambiwa "fanya kazi nyumbani," mara nyingi anaambiwa pia, bila kusemwa, "nunua wewe umeme, nunua wewe intaneti." Mimi nililipa. Wenzangu wengine walishindwa kulipa, na waliohesabiwa kuwa hawakufanya kazi ni wao.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna vitu ambavyo mwananchi angeweza kupata bila kupanda taksi-basi. Kujua kama barua yako imetoka. Kujua ni karatasi gani za kuleta, ili usirudishwe. Kujua mwenye sahihi atakuwapo siku gani. Kama yule baba angekuwa na orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni na kutumwa kwa simu, jirani yangu angekwenda mara moja, siyo mara nne. Kazi ya mbali ya namna hiyo haihitaji mashini kubwa. Inahitaji mtu aliyeamriwa kujibu simu, na saa zinazojulikana.

Kwa mama, kazi mbili mahali pamoja

Sasa niseme na yule mama yetu mwenye mtoto anayenyonya, na wengine kama yeye.

Faida zako ni za kweli. Siku mbili bila taksi-basi ni feza iliyobaki mfukoni na saa mbili tatu zilizorudi. Mtoto ananyonya kwa wakati. Ukiwa umetulia unaweza kuandika ripoti katika asubuhi moja ambayo bironi, kwa kelele na wageni, ingekuchukua siku mbili. Usione haya kutaka hayo.

Lakini biro ina kitu ambacho nyumba haina: mlango unaosema "sasa yuko kazini." Mwanaume akikaa nyumbani na karatasi mbele yake, watoto wanaambiwa wanyamaze, baba anafanya kazi. Mwanamke akikaa na karatasi zile zile, anaulizwa chumvi iko wapi. Hatufanyiwi hivyo kwa chuki. Ni mazoea, na mazoea hayaondoki kwa sababu mkubwa wa biro amesaini barua.

Kuna hatari nyingine, isiyoonekana upesi. Kule China, wale wa nyumbani waliofanya kazi nzuri walipandishwa cheo mara chache kuliko wa ofisini waliofanya vizuri sawasawa nao. Asiyeonekana anasahauliwa. Kama wamama ndio watakaobaki nyumbani na wababa ndio watakaobaki karibu na mlango wa mkubwa, baada ya miaka mitano mtajua nani amekuwa mkubwa wa biro.

Na neno moja juu ya uzazi. Kodi ya Kazi ya nchi yetu inampa mama aliyeajiriwa majuma 14 ya mapumziko ya uzazi. Mtu asije akakuambia, "Kwa kuwa unaweza kufanya kazi nyumbani, huna haja ya mapumziko hayo." Kufanya kazi nyumbani ni kazi. Mapumziko ya uzazi ni mapumziko.

Kama sanduku la AVEC

Tufanye nini basi? Mimi sijui sheria nyingi, lakini tunajua sanduku letu la AVEC. Lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu. Mwenye sanduku analala nalo kwake, mbali na macho yetu, na hatuogopi. Kwa nini? Kwa sababu kila Alhamisi linarudi, linafunguliwa mbele ya wote, na kila franga inahesabiwa kwa sauti. Hatumlindi mama yule usiku. Tunahesabu Alhamisi.

Kazi ya leta ikienda nyumbani, iende kwa namna hiyo. Tukiulizwa mawazo yetu, au tukipata nafasi ya kuwaandikia wakubwa, tuombe haya manne:

Kwanza, kazi iandikwe kabla. Si "ufanye kazi nyumbani Jumanne," bali "Jumanne utamaliza mafaili kumi haya, na Jumatano asubuhi tutayaangalia." Kupima saa ambazo mtu amekaa mbele ya simu hakusaidii. Mimi nilikaa saa nyingi.

Pili, chombo kitoke kwa mwenye kazi. Kama leta inataka kazi ya intaneti, ilipe intaneti, au ikubali kazi ya karatasi. Daftari la bibi yule halikuhitaji mega.

Tatu, mlango wa mwananchi usifungwe hata siku moja. Wakibaki wawili nyumbani, mmoja awe mezani na ufunguo wa kabati. Mama asiye na simu asiwe mtu wa mwisho kuhudumiwa kwa sababu hana simu.

Nne, zamu iwe ya wote, wababa na wamama, na wapya wasianzie nyumbani. Mwenye kujifunza anahitaji mtu wa kumwambia, "Hapana, hapo umekosea," saa ile ile.

Na ndani ya nyumba zetu

Mambo mengine hatuna haja ya kungoja serikali. Niliyajifunza kwa kuchelewa, nawapa mapema.

Keti na baba watoto na watu wa nyumba kabla ya siku ya kwanza. Waambie saa zako: kwa mfano, saa mbili mpaka saa tano sipo. Siyo "nina shughuli kidogo." Sipo. Mimi nilianza kutandika kitambaa chekundu juu ya meza, na hata mtoto wa miaka minne alijua kwamba kitambaa kikiwa pale, madamu yuko shuleni.

Mpe mtoto mkubwa kazi ya kumshika mdogo kwa muda mfupi unaojulikana, na umwachilie muda ukiisha, la sivyo atachukia kazi yako. Usimwachishe mtoto wa kike masomo yake ili wewe ufanye yako. Pelekeni saa ngumu mahali umeme ulipo, hata kama ni saa mbili tu.

Andika kila siku katika daftari ulichomaliza, siyo ulivyochoka. Siku mkubwa atakapouliza, utafungua daftari. Na ifikapo jioni funga simu ya kazi. Mzazi anayekuandikia saa nne za usiku atasoma jibu lako asubuhi, na hatakufa.

Alhamisi ijayo

Mama wa biro alinipigia simu jana. Alisema ameanza kuandika katika karatasi kazi zake zote za juma, na ameona kwamba zile zinazoweza kwenda naye nyumbani zinatosha siku moja, siyo mbili. Zinazobaki zina watu wanaongoja mbele ya meza yake. Alisema atamwomba mkubwa siku moja, na ataomba pia zamu ibandikwe mlangoni. Mama wa mboga alipoambiwa alijibu: "Zamu ibandikwe kwa Kiswahili, na kwa herufi kubwa." Ana haki.

Alhamisi ijayo tuzungumze katika vikundi juu ya maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Katika mwaka huu, ni mara ngapi ulikwenda ofisi ya leta ukarudi bila kuhudumiwa? Ni habari gani, kama ungeipata kwa simu, ingekuzuia safari hiyo?

2. Wewe unayefanya kazi ya mshahara: ni kazi gani zako zinahesabika mwisho wa siku, na ni zipi zinahitaji mtu mbele yako?

3. Nyumbani kwako, nani ananyamaziwa anapofanya kazi, na nani anaulizwa chumvi? Tutaanza kubadili nini juma hili?

Mimi nitakuja na kitambaa changu chekundu, mkione.